Katoni Mbele ya Rejeta

Mume wangu Kituyi ana Probox nyeupe, na kwenye dashibodi ya hiyo Probox kuna sindano ya kuonyesha joto la injini. Kwa miaka mitatu sindano hiyo ililala chini kabisa, haikuinuka hata siku moja, na Kituyi alijivunia jambo hilo kuliko cheti chake cha ukarani. Mgeni akipanda, awe mchungaji au shemeji, lazima aonyeshwe. "Ona hiyo," angesema. "Hata nikipanda mlima na magunia sita ya mahindi, haichemki. Gari imetulia." Nami nilikuwa namsifia, maana mwanamume ukimsifia gari lake hata kiporo atakila bila kununa.

Nasimulia haya nikiwa bado na hasira. Hasira yenyewe nimeigawa mafungu matatu: moja la Kituyi, moja la fundi wetu Gikonyo, na moja langu mimi Mideva, kwa sababu wanasema mwenye macho haambiwi tazama, na macho ninayo.

Gari hilo hatukulinunua kwa maringo. Tulilinunua kwa ajili ya Nelima, binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi. Nelima alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao hospitalini wanauita sickle cell, na adui yake mkubwa ni baridi. Baridi ikimwingia, maumivu humshika miguuni na mgongoni, akalia mpaka sauti ikakauka, huku mimi nimemshika na sina la kumfanyia. Na sisi tunakaa Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, ambako mwezi wa saba ukungu hulala mashambani mpaka saa tatu asubuhi. Zamani nilikuwa nampeleka shule kwa bodaboda, nimemfunika blanketi mpaka puani. Kila Julai alilazwa. Ndipo tukauza ng'ombe wawili tukanunua gari, tukamshukuru Mungu, tukadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Gari lilimkinga na upepo na mvua, lakini ndani yake mlikuwa na baridi kama ya nje. Ukiwasha hita, inapuliza hewa baridi ya kufufua maiti. Tulidhani hita za magari ya mitumba ndivyo zilivyo, tukazidi kumvika masweta.

Mwaka huu baridi haikungoja Julai. Wiki ya pili ya Juni Nelima alitoka nyumbani mzima, akafika shuleni akichechemea, na saa nne mwalimu akanipigia simu. Siku sita wodini. Siku ya tatu mama mkwe wangu, Mama Nanjala, akapiga simu kutoka Malakisi, kule chini kwenye joto, akaongea na Kituyi kwa sauti ambayo niliisikia nikiwa upande wa pili wa kitanda.

"Jumamosi ya pili ya Julai nakuja," alisema. "Namchukua mtoto akae na mimi huku. Atasoma huku. Hapo kwenu si mahali pa mtoto kama huyo."

Kituyi ni kifungua mimba, na tangu nimjue hajawahi kumwambia mama yake hapana. Akasema, "Sawa, Mama."

Sitaficha: nilimchukia mume wangu kwa muda wa kama saa moja. Kisha nikamkumbusha alichotuambia daktari, kwamba malaria kwa mtoto wa selimundu ni hatari kama baridi, na Malakisi mbu ni wengi kuliko watu. Akasema Mama atanunua neti. Nikamwuliza kama neti itamwuliza mtoto ameota nini, au itajua kwamba akianza kunyamaza sana ndio maumivu yanakuja. Akakuna kidevu. Alikuwa anaumia pia, nilimwona, na hivyo ndivyo anavyoumia yeye.

"Mama Nelima," akasema mwishowe, "hiyo gari ikipata joto kabla Mama afike, nitaongea na yeye. Ikikosa, mtoto ataenda. Hatuwezi kumzika hapa ndio tuseme tulimpenda."

Basi tukawa na wiki tatu za kulitayarisha gari kwa baridi ya Julai. Nikikosa joto ndani ya Probox, nakosa mtoto ndani ya nyumba. Ndivyo nilivyoelewa, na ndivyo ilivyokuwa.

Gereji ya Gikonyo iko hatua chache kutoka kibanda changu cha chai, kando ya barabara kuu ya kwenda Malaba. Gikonyo ni mzee wa watu, mpole, mikono yake imekunywa oili mpaka haisafishiki tena. Hampi mtu bili ya uongo na hamwibii mtu spea. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba watu wote wa Kiplombe tulimsifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Gikonyo tulikuwa tumemsifu miaka kumi na mitano.

Jumamosi ya kwanza aliweka betri mpya, maana ile ya zamani asubuhi ilikuwa inakohoa kama mgonjwa wa kifua. Akabadilisha waipa. Jumamosi ya pili akatoa maji ya mfereji kwenye rejeta, pale mbele ambapo upepo hupoza maji ya injini, akatia yale ya kijani ya dukani, akaziba milango yote kwa raba mpya, akafungua mabomba ya hita akayapiga maji mpaka uchafu wa kahawia ukamwagika chini. Kila mara tulikuwa tunawasha gari, tunaingia barabarani, mimi nimeweka kiganja kwenye tundu la hita kama mtu anayesubiri kupewa sadaka. Hewa ilikuwa baridi ile ile.

"Ni mambo ya hii hali ya hewa," Gikonyo alisema.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Kila asubuhi nilipanda nyuma na Nelima mpaka shuleni kwake mjini, na nikagundua kwamba tukikwama kwenye foleni karibu na daraja la Sosiani, hita inaanza kutoa vuguvugu. Barabara ikifunguka, Kituyi akikanyaga mafuta, vuguvugu linakwenda zake. Nikamwambia. Akasema ni fikira zangu. Nikamwambia Gikonyo.

"Mama Nelima," alinijibu, akicheka kwa upole, "wewe pika chai. Hii ingine niachie."

Nilirudi kibandani nikapika chai, na siku hiyo wateja waliipata kali.

Aliyenisikiliza ni Ronnie, kijana wa Langas anayeendesha trela, ambaye hunywa vikombe viwili vya chai kila akipita. Siku ya Alhamisi, zikiwa zimebaki siku mbili tu mama mkwe afike, nilimweleza kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumweleza.

"Aah, Mama, hiyo ni rahisi," Ronnie alisema. "Sisi kule Timboroa kwa baridi tunaweka katoni mbele ya rejeta. Ile upepo ikipiga rejeta sana, injini inakaa tu baridi, haipati moto. Na injini ikikosa moto, hita itatoa wapi?"

Alipoondoka nilisimama nikitazama sufuria yangu. Miaka kumi na miwili nimechemsha maji kwenye upepo wa Kiplombe. Najua kwamba ukiweka sufuria wazi, upepo ukivuma, utachoma kuni mpaka ziishe na maji hayatachemka. Utafunika, utakinga, ndipo. Jambo ninalolifanya kila siku kwa mikono yangu, nikalisahau kwa kuwa lilikuwa limevaa nguo za fundi.

Ijumaa asubuhi, Kituyi alipokuwa anaoga, nilikata katoni la mafuta ya kupikia, nikalisokomeza mbele ya rejeta, nikalifunga kwa kamba ya katani. Sikumwambia. Yeye angeitisha kikao.

Tulipofika Maili Nne sindano ikaanza kuinuka.

Kituyi aliiona, akapiga kelele kama aliyeona nyoka. Akalitoa gari barabarani, akazima, akaruka nje, akafungua boneti huku akiita jina la Yesu na kuuliza maji yako wapi. Akalikuta katoni.

"Nani aliweka hii takataka?"

"Mimi."

"Mideva! Unataka kuua injini?" Ananiita Mideva akiwa amekasirika sana, au akiwa na furaha sana.

"Sindano imefika wapi?"

"Imepanda!"

"Nimekuuliza imefika wapi."

Akarudi, akawasha, akatazama. Ilikuwa katikati. Haikuwa imevuka nusu hata kidogo. Ilikuwa pale ambapo, nilikuja kuambiwa, kwenye magari yote ya dunia hukaa. Na kwenye matundu ya hita hewa ilikuwa inatoka moto.

"Baba," Nelima akasema kutoka nyuma, "si uweke mkono hapa kwanza uone."

Akaweka mkono. Akakuna kidevu kwa ule mwingine.

Tulipomshusha mtoto tulikwenda moja kwa moja kwa Gikonyo. Alipoona katoni alicheka, akawaita mafundi wa jirani waje wacheke. Kisha Kituyi akamweleza habari ya sindano, na yule mzee akaacha kucheka katikati ya kicheko. Alisimama pale na makoti yake mawili na kofia ya sufu iliyofunika masikio, akageuka polepole akatazama ukuta wa mabati wa gereji yake.

Ukutani kulikuwa na waya, na kwenye waya vilitungwa vidude vya shaba, kila kimoja kikubwa kama mfuniko wa chupa ya jemu. Nimeviona miaka yote, nikadhani ni mapambo.

"Ni thamostati," Gikonyo alisema. "Inakaa hapa kwa njia ya maji. Inafunga maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto. Hiyo yenu niliitoa. Siku ile tu mlinunua gari."

"Kwa nini uitoe?" nikauliza.

"Mimi hutoa zote, Mama. Ikikwama inaua injini. Na hiyo ni kitu ya nchi za baridi. Hapa ni Afrika."

Nilimtazama kutoka kofia mpaka gambuti. "Mzee Gikonyo," nikasema, "hebu jiangalie vile umevaa, halafu urudie hayo maneno."

Alijiangalia. Alikaa juu ya tairi. Akatueleza kwamba kazi alifunzwa Voi akiwa kijana, kwenye jua linalopasua mawe, na mwalimu wake alimwambia jambo la kwanza gari likifika kutoka ng'ambo ni kutoa hicho kidude. Alipohamia huku alikuja na spana zake na sheria zake. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Wote walifurahi sindano kulala.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema. "Huyo mtoto amelazwa, amelazwa tena, na moto yake iko hapa kwa ukuta yangu." Macho yake yalijaa, na sikutegemea, kwa sababu nilikuwa nimeandaa maneno makali kabisa. Niliyameza. Uchungu wa mtu mzee akijua amekosa haupendezi kuutazama.

Nikamgeukia Kituyi, na kwa jinsi alivyokuwa anatazama viatu vyake nikajua.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa hapa," akasema. "Aliniuliza kama nataka itolewe. Nikamwambia toa."

Kuna maneno niliyosema hapo ambayo sitayaandika, kwa sababu mimi ni mshirika kanisani.

Duka la spea mjini lilisema mpya ya injini ile ingefika Jumatano kutoka Nairobi. Katoni peke yake Gikonyo hakulikubali: kwenye mlima au jua likitoka lingeweza kweli kuchemsha injini, na mtu angepaswa kulifunga na kulifungua kama pazia. Kwenye waya wake kulikuwa na vidude vitano vilivyoingia kwenye injini kama yetu, ila hakujua kipi kingali kizima. Njia ya kujua ni kukichemsha: kizima hufunguka maji yakipata moto, na kikipoa hufunga. Na maji ya moto yalikuwa kwangu.

Hivyo ndivyo mama mkwe wangu alivyotukuta Jumamosi saa tano, aliposhuka kwenye matatu na kapu lake la kuku na ndizi: mwanawe, mkaza mwanawe na mzee mmoja Mkikuyu wameinamia sufuria ya chai iliyojaa vyuma.

"Mnapika nini?" akauliza.

"Ni dawa ya gari, Mama," Kituyi akajibu, akampokea kapu.

Cha kwanza kilichemshwa kikabaki kimefunga. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu kilifunguka nusu kikakwama. Cha nne kilikuwa kimekufa kitambo. Mama Nanjala alikuwa ameketi kwenye benchi akitutazama, na mimi jasho lilinitoka Julai katikati. Cha tano Gikonyo alikishusha kwa waya, tukangoja. Maji yalipoanza tu kutoa povu pembeni, kabla ya kuchemka sawasawa, kile kidude kikafungua mdomo taratibu, kama kifaranga anayepokea chakula. Akakitoa kikafunga. Akakirudisha kikafungua. Gikonyo alikibeba kwa viganja viwili mpaka gereji, na alipomaliza kukifunga alikataa hata kikombe cha chai.

Mchana huo mama mkwe alinisaidia kumenya ndizi nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejipanga kwa vita. Nilikuwa na hoja ya malaria, hoja ya kliniki, hoja ya walimu wanaomjua mtoto. Lakini yeye hakuja na vita.

"Unadhani nataka kukunyang'anya," alisema bila kuinua kichwa. "Baba Nelima aliwahi kukuambia kuhusu Simiyu?"

Nilijua tu kwamba Kituyi alikuwa na ndugu aliyekufa mdogo. Mama Nanjala akanieleza kwamba wakati huo waliishi Moiben, baba yao akiwa kibarua kwenye shamba la ngano. Simiyu alikuwa mtoto wa kuumwa kila baridi ikija. Watu walisema amerogwa. Wengine walisema ni mvivu. Alikufa Julai, ana miaka tisa, na mwezi huo huo mama yake alifunga virago akashuka Malakisi, akaapa hataishi tena kwenye baridi ya huku. Miaka mingi baadaye, daktari alipotuambia jina la ugonjwa wa Nelima, ndipo na yeye alipojua jina la ugonjwa wa mwanawe.

"Hata sasa nikisikia ni Julai, mimi silali," akasema.

Hoja zangu zote ziliniishia. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwita mama huyu majina moyoni, kumbe tunalia kilio kimoja, yeye amekianza mapema tu. Niliona haya. Lakini sikusema mchukue, kwa sababu sikutaka amchukue, na yeye alilijua hilo.

Jumatatu tulitoka saa kumi na mbili na nusu kwenda shuleni kuchukua barua ya uhamisho. Kituyi alikuwa hajaongea na mama yake. Kila akifungua mdomo ilitoka habari ya mahindi. Mama Nanjala alikaa nyuma na Nelima, amemfunika leso mbili juu ya koti, juu ya masweta, na kofia, akamkumbatia kama anayezuia asiibiwe. Nje ukungu ulikuwa mzito hata taa za malori zilionekana zikiwa karibu tu. Mimi nilikaa mbele, sikutazama barabara, nilitazama sindano.

Ilipanda mpaka katikati, ikakaa hapo. Kituyi akawasha hita.

Kabla ya Maili Nne nilisikia Nelima anavua kofia. Kisha leso moja. Kisha akahangaika na zipu ya koti, na nyanya yake akawa anaifunga, naye anaifungua.

"Kukhu, wacha," alimwambia nyanya yake. "Mum, mimi nasikia joto. Naeza fungua dirisha?"

Miaka kumi nimemlea huyu mtoto. Nimemsikia akisema kila kitu ambacho mtoto wa Julai anaweza kusema, lakini hilo sijawahi kulisikia. Niligeuka nyuma nimjibu. Aliyejibu ni nyanya yake.

"Fungua," alisema. "Fungua kidogo."

Shuleni Nelima alishuka akakimbia kuelekea madarasani, mkoba ukimpiga mgongoni, koti mkononi. Nilimwita alivae, akalivaa huku akikimbia. Kituyi alishika ufunguo azime gari, twende ofisini tukaulize barua.

"Usizime," mama yake akasema.

Kituyi akaacha mkono hapo hapo.

"Nilimbeba Simiyu kwa mgongo kutoka Moiben kumpeleka hospitali," alisema. Alikuwa ametoa mkono wake kati ya viti vyetu viwili, ameufikisha kwenye tundu la hita. "Hakukuwa na gari. Mvua ilikuwa inanyesha. Masaa manne. Alikuwa ananiuliza kitu moja tu, Mama, mahali pa joto ni wapi. Nikawa namwambia iko mbele. Iko hapo tu mbele."

Kituyi aliinamisha kichwa juu ya usukani. Nilifungua mlango wangu, nikazunguka, nikaingia nyuma pale Nelima alipokuwa amekaa, nikamshika mama mkwe wangu mkono ule mwingine. Kengele ya shule ililia. Watoto wa mwisho waliingia, mlinzi akafunga geti, na sisi watatu tukabaki pale ndani ya gari, injini ikiendelea kunguruma, na hakuna aliyeenda kuchukua barua.